Kampuni Kubwa, Bei Kubwa: Kabla Hujatia Bonasi ya Chai Kwenye Hisa

Kila mwaka ikifika Septemba na Oktoba, maswali huanza. Bonasi ya chai inakaribia au imeshaingia, na kwa kuwa watu wa huku kwetu Kericho na Bomet wanajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, wanadhani ninajua pia hisa za kampuni za kompyuta. "Kijana, ninunue Safaricom?" Siku hizi swali limeongezeka: "Je, hii Nvidia ambayo mwanangu ananionyesha kwenye simu?" Nimeona niandike jibu mara moja, ili kila anayeuliza nimtume asome hapa.

Kwanza nitangulize kwamba mimi si mshauri wa fedha mwenye leseni. Ninajua kuandika programu na ninajua kugawanya na kuzidisha. Lakini jambo ninalotaka kusema leo halihitaji zaidi ya hapo. Ni hili: kampuni nzuri na hisa nzuri ni vitu viwili tofauti. Kampuni inaweza kutawala soko lote, ikapata faida kila mwaka, na bado mtu aliyenunua hisa zake akapata hasara. Tofauti iko kwenye bei aliyolipa, muda aliosubiri, na pesa aliyonunulia ilikuwa ya nani.

Hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Tunao hapa nyumbani, na wengi wetu tulikuwapo.

Mwaka ule wa fomu

Wakenya walianza kuugua homa ya hisa mwaka 2006. Serikali iliuza asilimia 30 ya KenGen kwa shilingi 11.90 kwa hisa. Zilipofika sokoni Mei mwaka huo, bei iliruka hadi zaidi ya shilingi 30. Mtu aliyeweka elfu kumi na kupata hisa zake zote aliona karibu elfu thelathini ndani ya muda mfupi, bila kushika jembe wala kikapu. Habari kama hiyo haihitaji tangazo la redio. Jirani humwambia jirani kwenye kituo cha kuuzia majani, na kesho yake kila mtu ni mtaalamu.

Juni 2007 ikaja AccessKenya, kampuni ya kuuza huduma ya intaneti, kwa shilingi 10 kwa hisa. Nayo ikapanda. Sasa watu wakawa wamepata kanuni: chukua fomu, lipa, subiri, uza, cheka.

Ndipo ikaja Safaricom. Kumbuka wakati wenyewe. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeichoma nchi, na Kericho ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Machi, mauzo ya hisa yakafunguliwa: hisa bilioni 10, sawa na robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000.

Benki zilitangaza mikopo ya kununulia hisa. Maombi yakawa mara kadhaa ya hisa zilizokuwapo, kwa hiyo walioomba nyingi walipewa sehemu tu na kurudishiwa pesa zilizobaki baada ya kusubiri, huku aliyekopa akiendelea kulipia riba ya pesa yote. Mwishowe zaidi ya watu laki nane wakawa na hisa za Safaricom. Sidhani kama kuna biashara nyingine nchini iliyowahi kupata wenye hisa wengi hivyo kwa mpigo mmoja.

Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008. Siku ya kwanza bei ilipita shilingi 7. Wenye kanuni ya KenGen walikataa kuuza, wakingoja 15. Haikufika. Soko lote la Nairobi lilikuwa limeanza kuteremka, na msukosuko wa fedha duniani ukalisukuma zaidi. Kipimo cha NSE 20, kilichokuwa kimepita pointi 6,100 Januari 2007, kilikuwa chini ya 2,500 ifikapo Machi 2009. Safaricom yenyewe ikauzwa chini ya shilingi 3. Ilipanda tena kidogo mwaka 2010, ikarudi chini, na mwisho wa 2011 ilikuwa bado karibu na shilingi 3.

Na hapa ndipo penye ajabu. Katika miaka hiyo yote kampuni haikuanguka. Wateja waliongezeka. Faida ilikuwepo kila mwaka. Kila mtu mwenye simu huku milimani alikuwa anailipa. Kilichoanguka ni bei, na bei ndiyo waliyokuwa wameinunua wale wenye haraka.

Shilingi tano haikuwa rahisi wala ghali

Kosa kubwa la 2008 lilikuwa kuitazama ile shilingi 5 na kusema, "Rahisi! KenGen ilikuwa karibu 12." Ndugu msomaji, bei ya hisa moja peke yake haikwambii chochote. KenGen iliuza hisa zisizofika milioni 660. Safaricom iliuza bilioni 10. Hizo ni mara kumi na tano. Hisa za KenGen ziliruka kwa sababu zilikuwa chache na wanaozitaka walikuwa wengi. Hisa za Safaricom zilikuwa nyingi kiasi kwamba kila aliyetaka kununua baadaye alimpata wa kumuuzia.

Sasa fikiria shamba la chai. Mtu wa Mogogosiek akitaka kukuuzia ekari mbili, hutauliza tu bei ya mche mmoja. Utauliza: linatoa kilo ngapi kwa mwaka? Linapeleka majani kiwanda gani? Bonasi yake ikoje? Halafu utapiga hesabu kichwani: kwa mapato haya, itachukua miaka mingapi pesa yangu irudi? Kama jibu ni miaka kumi, mtaendelea na mazungumzo. Kama ni miaka sitini, utamshukuru kwa chai na kuondoka.

Hisa ni vivyo hivyo. Zidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote za kampuni, halafu gawanya kwa faida ya mwaka. Jibu ni idadi ya miaka ya faida unayoinunua. Safaricom ina hisa takriban bilioni 40. Nimeipiga hesabu kwa nyakati tatu:

- Machi 2008, kwa shilingi 5: kampuni nzima ilikuwa na thamani ya shilingi bilioni 200. Faida ya mwaka ulioishia mwezi huo ilikuwa karibu bilioni 13.9. Ni miaka 14 ya faida.
- Mwisho wa 2011, kwa karibu shilingi 3: thamani ni karibu bilioni 120, faida ni takriban bilioni 13. Ni miaka 9 hivi.
- Agosti 2021, kwa karibu shilingi 45: thamani ni trilioni 1.8, faida ya mwaka ulioishia Machi ni karibu bilioni 68.7. Ni miaka 26.

Tazama hizo safu vizuri. Mwaka 2011, wakati watu wengi walikuwa wamekata tamaa na kusema hisa ni wizi wa mchana, ndipo kampuni ilipouzwa kwa bei nafuu kuliko zote tatu. Mwaka 2021, wakati ilikuwa peke yake zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima la Nairobi na kila gazeti linaisifu, ndipo ilipokuwa ghali kuliko zote. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwenye soko la hisa mgema hahitaji hata kutia maji. Wanywaji wenyewe hupandishiana bei ya kibuyu.

Wanunuzi watatu, kampuni moja

Chukua watu watatu, kila mmoja na shilingi 10,000, wote wanunuzi wa Safaricom.

Wa kwanza alinunua hisa 2,000 kwa shilingi 5 mwaka 2008 kwa pesa yake mwenyewe, akasahau cheti kwenye sanduku. Desemba 2025 ilitangazwa kwamba serikali ingeuza asilimia 15 ya Safaricom kwa kampuni ya Vodacom kwa shilingi 34 kila hisa. Kwa bei hiyo hisa zake ni shilingi 68,000. Ni kama asilimia 11 na nusu kila mwaka, kabla ya mgao wa faida. Mgao nao ulikua: kwa mwaka wa kwanza baada ya kuingia sokoni ulikuwa senti 10 kwa hisa, yaani shilingi 200 tu kwa hisa zake zote. Kwa mwaka ulioishia Machi 2025 ulikuwa shilingi 1.20, yaani 2,400 kabla ya kodi.

Wa pili alinunua siku hiyohiyo, lakini kwa mkopo. Riba za benki wakati ule zilikuwa zaidi ya asilimia 13 kwa mwaka. Benki haikungoja 2025. Ilitaka marejesho kila mwezi, na mwaka 2009 hisa zilipokuwa chini ya shilingi 3, ndipo naye alipokuwa na deni. Akauza. Elfu kumi ikawa haifiki elfu sita, na riba juu yake. Kampuni ni ileile, bei ya kununulia ni ileile, siku ni ileile. Tofauti ni pesa ilikuwa ya nani.

Wa tatu alingoja mpaka akawa na uhakika kwamba Safaricom ni kampuni kubwa. Akanunua Agosti 2021 kwa 45. Alipata hisa 222. Baadaye riba za Marekani zikapanda, wawekezaji wa nje wakaondoa pesa zao Nairobi, mradi wa Ethiopia uliozinduliwa Oktoba 2022 ukaanza na hasara, na hati fungani za serikali ya Kenya zikawa zinalipa vizuri mno. Ile ya miundombinu ya Februari 2024 ilitoa zaidi ya asilimia 18 bila kodi, sasa nani akae na hisa? Ndani ya 2023 hisa ya Safaricom ilikuwa chini ya shilingi 15. Hata kwa ile bei ya 34 ya Desemba 2025, hisa zake 222 ni kama shilingi 7,550. Ukiongeza mgao wa miaka yote hiyo bado hajafikisha elfu kumi zake.

Wa tatu ndiye ninayemfikiria zaidi, kwa sababu anafanana na wengi wanaoniuliza. Hakuwa mjinga. Alikuwa sahihi kabisa kuhusu kampuni. Alikosea kuhusu bei tu.

Teknolojia inaweza kushinda, mwenye hisa akashindwa

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kompyuta tunapaswa kulisema bila kuficha. Hatujui mbele. M-Pesa ilianza Machi 2007. Wakati fomu za hisa zinajazwa ilikuwa na mwaka mmoja tu. Watu walinunua kampuni ya kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. Leo M-Pesa inaleta zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya huduma za Safaricom nchini Kenya, na simu za sauti ndizo zinazozeeka. Aliyefaidika alifaidika kwa kitu ambacho wengi hawakukinunulia.

Upande wa pili wa sarafu ni AccessKenya. Iliuza intaneti, na nani angebisha kwamba intaneti ndiyo iliyokuwa inakuja? Nyaya za faiba za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikafika hadi kwetu. Utabiri ulikuwa sahihi kabisa! Lakini ushindani uliongezeka, bei ya huduma ikashuka, na mwaka 2013 Dimension Data ikainunua AccessKenya yote kwa shilingi 14 kwa hisa na kuiondoa sokoni. Aliyenunua kwa 10 mwaka 2007 alipata kidogo. Aliyenunua wakati wa shangwe kwa mara mbili ya bei ya kwanza alipoteza.

Ng'ambo mfano mkubwa ni Cisco. Hii ni kampuni ya Marekani inayotengeneza vifaa vya kupitisha data kwenye mitandao, na mafundi wa mitandao hapa Kenya wanaijua vizuri. Machi 2000 ilikuwa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani, hisa ikiwa karibu dola 80. Watu walikuwa wanalipia karibu miaka 200 ya faida yake ya wakati ule. Hoja yao ilikuwa nzuri: intaneti itaenea dunia nzima, na kila mahali itakapopita itapita kwenye vifaa vya Cisco. Ilienea. Mapato ya Cisco yamekua mara tatu tangu wakati ule. Lakini hisa ilianguka hadi chini ya dola 10 mwaka 2002, na ilirudia bei yake ya Machi 2000 Desemba 2025. Miaka ishirini na mitano! Mtoto aliyezaliwa siku ile ameshamaliza chuo.

Sasa turudi kwa swali la Nvidia. Chipu zake ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya hii akili bandia inayozungumzwa kila kona, na mimi mwenyewe kazini siku hazipiti bila kuitumia akili bandia hiyo. Oktoba 2025 ilikuwa kampuni ya kwanza kufikia thamani ya dola trilioni 5. Faida ya mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 2025 ilikuwa karibu dola bilioni 73. Gawanya: ni miaka 68. Kwa haki, faida yake ilikuwa inakua kwa kasi ya ajabu, kwa hiyo idadi hiyo hupungua kila ripoti mpya inapotoka. Si Cisco ya mwaka 2000. Lakini anayenunua kwa bei hiyo ananunua ukuaji ambao bado haujatokea, na soko linajua hilo: tarehe 27 Januari 2025, habari za DeepSeek ya China kutengeneza akili bandia kwa gharama ndogo ziliondoa karibu dola bilioni 600 kwenye thamani ya Nvidia kwa siku moja. Siku moja tu.

Sisemi itaanguka. Sijui. Ninachosema ni kwamba swali la "akili bandia itabadilisha dunia?" si lile la "hisa hii kwa bei hii itanipa faida?" La kwanza unaweza kulijibu ndiyo na bado la pili likawa hapana.

"Kama mashine inachukua kazi, nunua mashine"

Kuna hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, kwa sababu inatoka kwa vijana wa huku na ina uchungu ndani yake. Mei 2023 huko Kericho waandamanaji walichoma mashine za kuchuna chai kwenye mashamba makubwa, wakilalamika kwamba zinawanyang'anya watu kazi. Kijana mmoja aliniambia hivi: "Kuchoma hakutasaidia. Mashine zitashinda. Afadhali tuwe miongoni mwa wenye mashine." Kwake hisa za kampuni za teknolojia ni bima: kompyuta ikimnyang'anya kazi, angalau atakuwa na kipande cha hiyo kompyuta.

Ni wazo la mtu mwenye akili, na kwa kiasi fulani ninalikubali. Ni kweli kwamba ada tunazolipa kila siku zinaenda kwa wenye hisa, na ni afadhali mlipaji awe pia mpokeaji. Lakini lina mipaka miwili.

Wa kwanza ni ukubwa. Mtu mwenye hisa 200 za Safaricom kwa mgao wa 1.20 anapata shilingi 240 kwa mwaka kabla ya kodi. Hiyo si bima ya mshahara wa mchuma chai. Ili mgao ufanane na mshahara ungehitaji mtaji ambao, kama ungekuwa nao, usingekuwa na hofu ya mashine.

Wa pili ni kwamba kampuni inayotawala soko huvuta macho ya serikali. Mwaka 2014 Safaricom ililazimika kuwaachia mawakala wa M-Pesa wahudumie pia kampuni pinzani. Mwaka 2023 ushuru wa ada za kutuma pesa ulipandishwa kutoka asilimia 12 hadi 15. Utawala wa soko ni nguvu, lakini pia ni sababu ya kila wizara yenye njaa kuja kubisha mlangoni. Na mwenye hisa mdogo hana kiti kwenye meza hiyo. Ile hesabu ya Desemba 2025, kwamba Vodacom na kampuni zake zishike asilimia 55 na serikali ibaki na 20, haikubadilisha asilimia 25 ya umma. Ilibadilisha nani wa kumwuliza.

Wewe tayari ni mwenye hisa

Kabla ya kwenda mbali, mkulima mdogo wa chai akumbuke kwamba tayari ana hisa. Viwanda vilivyo chini ya KTDA, kama Litein, Tegat, Kapset na Mogogosiek, ni kampuni zinazomilikiwa na wakulima wanaopeleka majani huko. KTDA nayo ni mali ya viwanda hivyo, pamoja na kampuni tanzu kama Ketepa iliyo hapa Kericho. Na bonasi yako inategemea mnada wa Mombasa, ambako chai huuzwa kwa dola.

Kwa maneno mengine, umeshaweka karibu kila kitu kwenye kampuni moja, zao moja na sarafu moja ya kigeni. Mapema 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka ilikuwa karibu 130. Chai ileile iliyouzwa kwa dola ileile ikaleta shilingi chache. Mwaka 2025 wakulima wengi wa upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa walipata bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki, wakaandamana. Mtu wa namna hii akichukua bonasi yake na kununua hisa za Marekani kwa dola, shilingi ikipata nguvu anaumia mara mbili kwa mkupuo mmoja. Huko si kutawanya mayai. Ni kubeba kikapu kilekile kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo nifanyeje?

Haya, nimesema mengi. Anayetaka kununua na anunue, lakini kwa utaratibu huu.

Pesa ya karo ya Januari, pesa ya mbolea na pesa ya hospitali si pesa ya hisa. Hisa zinaweza kukaa chini miaka mitano. Karo haingoji wiki mbili.

Usikope. Narudia, usikope, iwe kwa benki, kwa chama au kwa programu ya simu. Bei ikishuka, mwenye pesa yake husubiri. Mwenye deni huuza.

Piga hesabu ya miaka ya faida kabla ya kununua. Ripoti za kampuni zilizoorodheshwa ziko wazi kwenye mtandao. Kama hujui pa kuanzia, mwombe mwalimu wa hesabu wa shule ya jirani. Ni kuzidisha na kugawanya tu.

Nunua kidogo kidogo. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja tu kwenye soko la Nairobi, ambapo zamani kiwango cha kawaida kilikuwa 100. Hii ni nafuu kubwa kwa mkulima. Hakuna tena sababu ya kutia bonasi yote siku moja kwa bei ya siku moja. Chai hatuichumi yote asubuhi moja. Tunarudi kila baada ya siku kadhaa.

Hakikisha dalali ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na kwamba akaunti ya hisa ina jina lako. Machi 2008, wiki chache tu kabla ya mauzo ya Safaricom, kampuni ya udalali ya Nyaga iliwekwa chini ya msimamizi, na fidia ya wateja ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000 kwa kila mtu. Kampuni uliyoinunua inaweza kuwa imara huku mlango ulioipitia umeoza. Na anayekuahidi faida ya kila wiki kwenye kikundi cha WhatsApp si dalali hata kidogo.

Mwisho, andika mahali, kwa kalamu, sababu ya kununua na utakachofanya bei ikifika nusu. Soko la Nairobi lilipanda sana mwaka 2024 na 2025, na soko likipanda kila mtu hujiona ana moyo wa chuma. Andika wakati umetulia. Fomu ya mwaka 2008 ilikuuliza jina, kitambulisho na idadi ya hisa unazotaka. Haikukuuliza utakaa nazo miaka mingapi. Hilo ni lako kujiuliza, na ni bora ujiulize kabla bonasi haijaingia.